Barua Mbili Kabla ya Machi

Habari ya barua, Belmira Toste aliikuta mwishoni kabisa mwa fomu ya maombi, wakati ameshajaza kila kitu na ameanza kujipongeza. Alikuwa mezani jikoni, kompyuta mbele yake, kipande cha mkate mtamu mkononi. Baba yake, Germano, ameketi upande wa pili akivua mabuti yaliyojaa harufu ya zizi. Belmira alisoma ule mstari haraka, akausoma tena polepole, kisha akauweka mkate chini.

"Baba, wanataka barua mbili za mapendekezo. Kutoka kwa maprofesa wanaonifahamu vizuri."

"Mimi nakufahamu vizuri," alisema Germano. "Niandike mimi. Nitawaambia hujui kupika lakini ng'ombe wanakupenda."

"Baba, wamesema maprofesa!"

"Basi kawaombe. Si uko nao kila siku?"

Alikuwa nao kila siku, lakini hilo halikusaidia kitu. Chuo chenyewe kilikuwa kile cha miaka miwili pale bondeni, ambako watoto wa wakamuaji na wachuma matunda huanzia, kisha mwenye bahati na alama huhamia chuo kikuu kumalizia digrii. Alama Belmira alikuwa nazo, tena za kutamba. Ila hapakuwa na mwalimu ambaye angeweza kumnyooshea kidole ukumbini akasema yule ni fulani. Alikaa safu ya nyuma karibu na mlango, na kipindi kikiisha alikuwa wa kwanza kutoka, akikimbilia zamu yake kwenye kiwanda cha jibini. Hakuwahi kuuliza swali darasani. Nyumbani kwao mtu hufanya kazi yake, hanyanyui mkono kusumbua watu.

Na alichokitaka hakikuwa kidogo. Alitaka Chuo Kikuu cha Ellery, kule jimbo la Oregon, ambako watu husoma elimu ya wadudu kwa bidii ile ile ambayo wengine husomea sheria. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kulala kifudifudi uani akiangalia siafu wanavyohamisha mayai yao. Hilo hakumwambia yeyote, maana nani humwambia mtu jambo kama hilo? Sasa ilikuwa Februari, milozi imechanua bonde zima likawa jeupe, na siku ya mwisho ya barua ilikuwa tarehe mosi Machi.

Kesho yake alimweleza rafiki yake Marisela, aliyesoma naye chuo kimoja na kufungasha naye jibini meza moja. Marisela alimkalisha juu ya boneti ya gari lake, kwenye maegesho ya chuo, akashusha miwani yake ya jua mpaka ncha ya pua.

"Haya, mimi ndiye profesa. Karibu, binti. Sema shida yako, nina haraka."

"Samahani kwa kukusumbua, profesa," alianza Belmira. "Najua una kazi nyingi, na kama huna nafasi wala si lazima..."

"Sina nafasi. Kwaheri."

"Marisela!"

"Si wewe mwenyewe umenifundisha kukataa? Mtu anaomba huku anarudi kinyumenyume! Hebu omba kama mtu anayetaka kitu. Tena shusha hayo mabega, unakaa kama umeiba kuku."

Walirudia mpaka wakachoka kucheka. Kisha Belmira akaenda kwa Profesa Anahit Sarkissian, aliyewafundisha uandishi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika jengo zima, ambaye hakuonekana bila glasi yake ya chai. Mlango ulikuwa wazi. Maneno yote ya kwenye boneti yakamtoka kichwani.

"Profesa, nahama. Yaani, nataka kuhamia Ellery, na wanasema—"

"Ndiyo," alisema Profesa Sarkissian.

"Bado sijaomba."

"Unataka barua. Ndiyo, nitakuandikia, na nitaiandika kwa raha. Keti, mbona umesimama kama mpeleka mzigo?"

Belmira akaketi. Alijikuta anacheka bila sababu.

"Sasa sikiliza," alisema yule mama. "Niletee insha zako zote, hata ile unayoichukia. Nikiwaambia wewe ni hodari hawatanisadiki, maana kila barua inasema hivyo. Nataka niwasimulie kitu ulichokifanya, wakione. Kisha niandikie ukurasa mmoja: unataka kusoma nini, na kwa nini."

"Wadudu," alisema Belmira, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu. "Nataka kusoma wadudu."

"Wadudu! Umeniandikia habari za kila kitu duniani, na hukuniandikia hata sisimizi mmoja! Mtoto wewe! Na barua ya pili utamwomba nani?"

"Dokta Quigley, wa biolojia."

Profesa Sarkissian aliitua glasi yake taratibu. "Quigley si mtu mbaya," alisema. "Ila uende umeshakula."

Belmira alitoka pale miguu haigusi sakafu. Moja imepatikana! Kumbe kuomba ni hivi tu! Hakungoja kula wala nini, alikwenda moja kwa moja jengo la sayansi kabla moto haujapoa.

Harlan Quigley alikuwa mzee mrefu mwembamba, mwenye mikono iliyopasukapasuka kama ya fundi, na ofisi yake ilikuwa imejaa visanduku vya vioo vyenye mende na vipepeo waliobanwa kwa pini. Safari hii Belmira aliomba vizuri kama alivyofundishwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua kompyuta yake, akatafuta jina.

"Tisini na sita," alisema. "Hongera. Siwezi kukuandikia."

Belmira alidhani hakusikia sawasawa.

"Usione nakudharau," aliendelea Dokta Quigley. "Niandike nini? Kwamba ulijibu mtihani vizuri? Hilo watalikuta kwenye matokeo yako. Barua ya namna hiyo wale watu wataisoma huku wanapiga miayo, na itakuharibia. Mimi huandika nilichokiona kwa macho yangu. Na wewe, nikisema kweli, nimeuona mgongo wako ukitoka mlangoni. Basi."

Belmira alitaka kumwambia habari ya zamu ya kiwandani. Alitaka kumwambia kwamba ameyasoma yote aliyosema yasomwe, na hata yale aliyosema wanaweza kuyaacha. Badala yake aligeukia mlango. "Ahsante, Dokta," alisema, akatoka, mgongo wake ukionekana tena.

Jioni, mezani kwenye jibini, Marisela alikuja juu kweli kweli. "Mzee wa ovyo! Achana naye. Nenda kwa yule kijana wa hesabu, yule anamwandikia kila mtu. Nadhani hata paka wake ana barua."

"Nitakwenda Jumatatu," alisema Belmira. Lakini kilichomwuma hakikuwa kukataliwa. Kilichomwuma ni kwamba mzee yule alikuwa amesema kweli.

Jumatatu ilikucha kwa baridi. Belmira alimsaidia baba yake kumalizia kukamua, akachukua pikapu kwenda chuoni, na alipofika njia panda ya mashamba ya milozi akakuta magari yamesimama mstari mrefu. Mbele, lori kubwa lilikuwa limelala ubavu mtaroni. Mizinga ya nyuki iliyokuwa imepangwa juu yake, ile inayoletwa kila mwaka kutoka majimbo ya mbali kuja kuchavusha maua, ilikuwa imemwagika barabara nzima, mingine imepasuka, masega nje. Dereva alikuwa mzima, mzee wa Dakota Kaskazini mwenye nyuki kibao kwenye ndevu, akizunguka mizinga yake kama mtu aliyebomokewa nyumba.

Kwa sababu ya baridi nyuki wengi walikuwa bado hawajaruka. Walitambaa lamini, wakajikunja mafungu mafungu juu ya nguzo za uzio na kwenye kioo cha gari la polisi. Lakini jua lilikuwa linapanda.

Belmira alishuka. Kwa mbali, ng'ambo ya lori, aliona kofia ya wavu na chombo cha moshi, na chini ya kofia hiyo mikono mirefu aliyoijua. Dokta Quigley alikuwa ameitwa na polisi na ameshafika, anainua mizinga na kuisimamisha, peke yake. Na upande huu, karibu kabisa na Belmira, gari la zimamoto lilikuwa limesimama na vijana wanakunjua mpira.

"Mnamwaga nini?" aliuliza.

"Povu," alisema kijana mmoja. "Rudi kwenye gari lako, dada. Jua likikolea hawa wataamka wote."

"Povu ni sabuni. Litawaua!"

"Ndiyo kazi yake."

Hakujua alifikaje. Alijikuta amesimama mbele ya mdomo wa mpira, mikono ameitanua, na sauti iliyokuwa inatoka ilikuwa yake.

"Hapana! Msimwage! Nani mkubwa wenu hapa?"

Mkubwa wao alikuja, mwanamke mpana mwenye jasho juu ya mdomo licha ya baridi. Hakuwa na hasira, alikuwa na shughuli. "Binti, nina bibi kizee kwenye gari la tatu, na watoto kwenye basi la shule kule nyuma. Mtu akiumwa akafa, nitaambiwa mimi."

"Basi warudisheni nyuma!" alisema Belmira. "Basi la shule lipite njia ya mfereji, inatokea palepale shuleni, mimi napita kila siku. Wengine wafunge vioo. Hawa nyuki wamepigwa na baridi, hawana haja na mtu, wanatafuta nyumbani kwao tu. Mizinga ikisimamishwa watarudi wenyewe ndani. Mnaona pale kwenye nguzo walivyokusanyana? Pale katikati yupo malkia. Mkimwaga povu mnamuulia mwenye lori riziki yake, na milozi hii yote nani ataichavusha? Ninyi?"

Kijana wa mpira alicheka. Mkubwa wake hakucheka. Aliliangalia lori, akaliangalia jua.

"Na nani atakayeisimamisha? Yule mzee wa kofia ya wavu, peke yake?"

"Na mimi."

"Umewahi kufanya kazi hii?"

"Hapana," alisema Belmira. "Lakini nimeisoma sana."

Yule mama aligeuka akapiga kelele magari yarudi nyuma. "Nakupa nafasi," alisema. "Nikiona mambo yanaharibika namwaga, hata ukilala barabarani."

Belmira alikimbia kuzunguka lori. Dokta Quigley alikuwa amesimama na mzinga mikononi, amemkodolea macho kupitia wavu. Alikuwa amesikia yote. Alisema tu, "Kuna kofia nyingine kwenye gari langu. Chomeka suruali ndani ya soksi. Usikimbie, usipige mikono."

Na hapo ndipo ilipoanza asubuhi ambayo Belmira hataisahau. Waliinua, wakasimamisha, wakarudisha masega mahali pake, mzee wa Dakota akiwaelekeza kwa vidole na matusi mepesi. Belmira alikosea mengi. Aliukamata mzinga mmoja vibaya ukafunguka chini, nyuki wakammwagikia mabuti. Alichomwa shingoni, kwenye kifundo cha mguu, na wawili waliopenya chini ya wavu wakamchoma mdomo na kope. Lakini midomo yake ilikuwa imefunguka kama bomba lililokatika. Kwa nini hawa wanainua makalio na kupepea mbawa mlangoni? Wanawaita wenzao kwa harufu? Wa mzinga mwingine akiingia humu watamkubali? Majana, hawa watoto wa nyuki ndani ya masega, yakipigwa na baridi hii yatapona?

"Polepole!" alifoka Dokta Quigley. "Swali moja moja! Hawa wanapepea, ndiyo, wanatoa harufu, inasema nyumbani ni hapa. Hebu inama uisikie. Kama ndimu, eh?"

Belmira aliinama. Kweli, ilikuwa kama ndimu. Alisimama akiwa na machozi ya furaha, au ya kope, hakujua.

Kundi la kwenye nguzo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Belmira alishika mzinga mtupu chini yake, Dokta akaitikisa nguzo, na nyuki wakaanguka fungu zima kwa kishindo laini, kama unga mzito ndani ya beseni. Wote watatu waliinama kuangalia. Nyuki waliobaki hewani walizunguka, wakazunguka, kisha mmoja mmoja, halafu kumi kumi, wakaanza kushuka mlangoni na kuingia kwa miguu.

"Malkia yumo!" alipiga kelele mzee wa Dakota, akamkumbatia Belmira na kofia yake ya wavu ikapinda. Kutoka upande wa zimamoto wale vijana walipiga makofi.

Si wote waliookoka. Mizinga iliyoangukiwa na lori ilikuwa imepondeka yote. Lakini mingi ilisimama mstari kando ya barabara ikivuma, na povu halikumwagwa.

Jua lilikuwa limekolea walipokaa nyuma ya gari la Dokta Quigley wakinywa kahawa ya chupa. Jicho moja la Belmira lilikuwa limefumba kabisa na mdomo umevimba upande.

"Kwa nini hukuniambia unapenda wadudu?" aliuliza mzee.

"Hukuniuliza, Dokta."

"Sikukuuliza? Kila kipindi, mwaka mzima, nasema kuna swali? Nani mwenye swali? Naangalia safu ya nyuma, kimya kama makaburini!"

Belmira alicheka, mdomo ukamwuma. Akaweka kikombe chini. Hakurudi kinyumenyume.

"Dokta Quigley, naomba tena. Nataka kwenda Ellery nikasome nyuki na ndugu zao wote. Nataka uniandikie barua."

Mzee alichomoa mwiba kutoka kwenye kidole chake, akautazama, akautupa.

"Sasa nina la kuandika," alisema. "Tena nitahitaji kurasa mbili."

Marisela, alipoletewa habari, alipiga yowe lililomfanya msimamizi wa zamu aje kuangalia kama kuna aliyekatika kidole. "Na hilo jicho je? Piga picha! Watumie Ellery na picha!"

Barua ya Profesa Sarkissian ilikuwa imeshafika; kwenye tovuti ya maombi palikuwa na alama ya kijani na neno "imepokelewa". Mbele ya jina la Quigley palikuwa peupe. Pakabaki peupe wiki nzima, na wiki iliyofuata. Belmira alifungua ukurasa ule kabla ya kukamua na baada ya kukamua. Asubuhi ya siku ya mwisho hakuvumilia tena, akaenda kugonga.

"Ingia haraka!" ilitoka sauti. "Nilikuwa naenda kukutafuta. Hii mashine imenishinda."

Dokta Quigley alikuwa ameukaribia uso wa kompyuta mpaka pua inagusa. Barua ilikuwa tayari, imefunguliwa pale, mistari imejaa. Belmira aliona neno moja, "povu", akageuka mbio kuelekea ukutani.

"Dokta, ifunike! Nimetia saini kwenye fomu kwamba sitaisoma!"

"Sasa utanisaidiaje ukiwa umenipa mgongo? Mgongo wako naujua tayari!"

"Nitakuelekeza kwa mdomo. Umeifunga hiyo barua? Umeihifadhi wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Kwenye kompyuta wapi, Dokta?"

"Ndani!"

Waliendelea hivyo, yeye akiwa ameubandika uso kwenye kisanduku cha vipepeo, akisema bonyeza pale penye mshale, na mzee akisema mshale uko wapi, mishale ipo minne. Aliifuta mara moja kwa bahati mbaya, Belmira akakaribia kuzimia, ikapatikana. Alipachika picha ya kiwavi badala ya barua, ikaondolewa. Mwishowe mzee akaacha kubonyeza.

"Imeandika kitu," alisema Dokta Quigley.

"Imeandika nini?"

"Ahsante, Dokta Harlan Quigley. Barua yako imepokelewa." Alisoma kama hukumu ya mahakama. "Kumbe wana adabu."

Belmira aligeuka, akamkumbatia kabla hajafikiri kama inafaa. Mzee alisimama ameganda kama mti, kisha akampigapiga mgongoni mara chache kwa kiganja kigumu.

Jibu lilikuja mwezi Mei, milozi imeshafunga matunda yenye manyoya ya kijani. Belmira alikuwa kwenye chumba cha kukamulia, mitambo inanguruma, simu ikatikisika mfukoni. Aliisoma akiwa amesimama katikati ya ng'ombe wawili. Germano aliona mwanawe ameshika ukuta, akatupa ndoo akaja mbio.

"Nini? Nani amekufa?"

"Wamenichukua, baba! Ellery! Wamenichukua!"

Germano aligeuka. Alikwenda kwenye swichi kubwa, akaizima mitambo yote, jambo ambalo Belmira hakuwahi kumwona akilifanya ng'ombe wakiwa ndani. Zizi zima likanyamaza. Kisha akavua kofia yake na kusema, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka barabarani:

"Soma tena. Yote. Na usiruke neno."

Belmira akaanza kusoma.